Mabilingani ya Mujtaba

Mujtaba alikuwa hali bilingani. Shamshad alipoingia nyumba ile kama bi harusi, mama mkwe alimweka kitako akamwambia: mpikie nyama, mpikie samaki, mpikie kuku, lakini bilingani usimwekee mbele, atasukuma sahani. Kwao Shamshad bilingani lilikuwa halikosi jikoni, kwa hiyo akazoea kujipikia mwenyewe mchana, mume akiwa dukani Mkunazini anauza vipuri vya vyerehani na kupiga soga na kila apitaye, shavu limemvimba kwa tambuu.

Maradhi yalianzia kwenye sauti. Ilikwaruza, wakadhani mafua. Kisha wali ukaanza kumkwama, kisha hata mkate uliorowekwa kwenye chai. Ilipojulikana kuwa ni saratani ya koo walivuka bahari kwenda bara, akachomwa mionzi, na aliporudi Mji Mkongwe nguo zilimning'inia mwilini kama za kuazima. Daktari aliwaeleza waziwazi. Njia ya chakula imebana, na baadhi ya anachomeza humwendea kwenye mapafu. Afadhali atiwe mpira wa kumlishia tumboni.

Mujtaba alikataa. Sauti yake ilikuwa imebaki mnong'ono.

"Mtu hula kwa mdomo. Ukikataa mdomo, basi."

"Basi nini?" Shamshad aliuliza.

Mujtaba alijivutia shuka. Watoto hawakujaaliwa, kwa hiyo hapakuwa na mwengine ndani ya nyumba wa kumshawishi.

Shamshad akawa anampa uji, maziwa, supu iliyochujwa. Mujtaba akavichoka vyote, ikafika siku akiona kikombe tu anageuza uso ukutani. Adhuhuri moja Shamshad alikuwa amelaza bilingani lake juu ya makaa ya seredani, ganda linapasuka na moshi unaingia chumbani, akasikia kijiko kinagongwa kwenye mbao za kitanda. Ndivyo Mujtaba alivyokuwa akimwita.

"Unapika nini?"

"Bilingani. Langu mimi."

"Nionjeshe."

Shamshad alidhani anamtania. Alilimenya, akaliponda, akalipitisha kwenye chujio mbegu zibaki, akalivuruga na tui zito na chumvi kidogo. Mujtaba alimeza. Akangoja kikohozi, hakikuja. Akafungua tena mdomo.

"Limekuwa tamu tangu lini hili?"

"Tangu zamani. Wewe ndiye uliyekuwa hutaki hata kulinusa."

Alicheka, na kicheko kikamgeukia kikohozi kilichomtoa machozi. Lakini bakuli alilimaliza.

Tangu hapo mawazo ya Shamshad yote yakawa kwenye mabilingani. Aliyachoma akayavuruga na mtindi na bizari nyembamba. Aliyachemsha pamoja na dengu, akayasaga kwenye blenda mpaka yakawa laini kama uji wa mtoto. Aliyapika kwa nazi na kitunguu kilichoyeyuka kabisa. Mara moja alitia embe bichi na ukali wake ukamuunguza Mujtaba koo, akalia kimya kimya, na Shamshad akaenda kumwaga sufuria nzima. Mara nyengine alisaga kamba wa baharini ndani yake mgonjwa apate nguvu, nyuzi zikamkwama, akahangaika naye mpaka midomo ikabadilika rangi.

Mabilingani akiyanunua sokoni Darajani kwa Mayasa, mwanamke wa mtaa wa Mpendae aliyekuwa na meza ya mboga.

"Bi Shamshad, siku hizi kwenu mnakula bilingani tu?"

Shamshad akamweleza, amesimama pale pale katikati ya watu. Mayasa alianza kuyabonyeza moja moja na kumchagulia machanga, yasiyoshika mbegu, na tokea siku ile akawa anamwekea kando chini ya gunia.

Sajjad, mdogo wake Mujtaba, alikuwa akija kumtazama kila baada ya sala ya Ijumaa. Siku moja alimfuata Shamshad jikoni.

"Bhabi," alisema, kama kwao wanavyomwita mke wa kaka, "huyu anakwisha. Mwambie akubali mpira."

"Nshamwambia mpaka nimechoka."

"Akiona unampa hivi vibakuli hakubali. Viache. Njaa itamlazimisha."

Shamshad alimtazama. "Nimnyime chakula?"

"Nnataka ndugu yangu aishi."

Hakuviacha. Na Mujtaba hakukubali.

Ikaja siku hata bilingani lililochujwa lilimrudia puani. Likarudi siku ya pili, na ya tatu. Yakabaki maji, na maji yenyewe kwa kijiko. Macho yalikuwa yameingia ndani na mikono imekuwa mifupa. Alasiri moja aligonga kitanda.

"Nikaangie."

"Huwezi, Mujtaba."

"Vipande. Na pilipili. Ntatafuna, halafu ntatema. Nataka ladha tu."

Shamshad aliyakata mabilingani vipande vyembamba, akavitia chumvi vitoke maji machungu, akavikamua, akavipaka manjano na pilipili ya unga, akavikaanga mpaka kingo zikawa ngumu. Alimshikia bakuli chini ya kidevu. Mujtaba alitafuna amefumba macho, taratibu, kisha akatema. Akachukua cha pili. Shamshad alikuwa amefunga mlango kwa komeo, maana hakutaka mtu aone. Alipomaliza alikwenda kumwaga yaliyotafunwa, akaosha bakuli, akatapika.

Wakawa wanafanya hivyo kila alasiri. Ndicho kitu pekee alichokuwa akikingojea. Akisikia mafuta yanalia jikoni anajivuta mwenyewe aegemee mto.

Halafu siku moja alitafuna, akamtazama Shamshad, na koo lake likapanda likashuka.

"Tema," Shamshad alisema, akimsogezea bakuli.

Mujtaba alitikisa kichwa. Akafungua mdomo apewe kingine.

Sahani ilikuwa mkononi mwa Shamshad. Alijua kilichosemwa na daktari, na alijua Mujtaba anajua. Alikaa naye hivyo, mdomo wa Mujtaba umefunguka kama wa kinda la ndege, mpaka vipande vikapoa sahanini. Kisha akampa. Akampa na cha tatu. Cha tatu kilipokwama alimwinamisha na kumpiga mgongoni, kikatoka kipande kidogo na damu, na Mujtaba akalala huku kifua kikikoroma.

Asubuhi alikuwa na homa kali. Hospitali walisema chakula kimeingia mapafuni. Hakusema tena neno, na kabla ya Ijumaa kufika alikuwa ameshazikwa.

Sajjad alimngoja Shamshad mpaka wanawake waliokuja kuhani msiba wametoka.

"Daktari amesema kilikuwa kitu cha kukaanga. Nani alimpa?"

Shamshad angeweza kusema Mujtaba alikichukua mwenyewe. Wazo hilo lilimpitia.

"Mimi."

"Ulijua?"

"Nlijua. Aliniomba."

"Angekuomba sumu?"

Sajjad alivaa viatu mlangoni bila ya kuaga, na tangu siku ile jambo lake lolote na shemegi yake hulituma kwa mdomo wa mtu mwengine. Wanawake wa jamaa nao wakapunguza kuja. Hakuna aliyemtukana. Walikuwa wana shughuli tu.

Mayasa alipata habari kwa kuchelewa, alipoona yale mabilingani aliyoyaweka chini ya gunia yananyauka na mwenyewe haji. Aliuliza nyumba, akapanda ngazi, akakuta Shamshad amekaa kwenye mkeka katikati ya eda, hajachana nywele. Shamshad akamweleza yote, mpaka kile kipande cha tatu.

"Mimi nsingempa," Mayasa alisema.

Shamshad aliitikia kwa kichwa. Huyu ndiye wa kwanza kumwambia hivyo usoni.

Mayasa hakuondoka. Aliinuka akachukua chanuo lililokuwa dirishani, akakaa nyuma yake, akaanza kumfungua nywele zilizoshikana, kidogo kidogo, kuanzia nchani.