Kalamu Isiyotaka Nguvu

Kitinda alikuwa amemwaga pipa zima la taka uani, amechutama juu yake, akipekua kwa mikono mitupu. Kila karatasi aliikunjua, kila kopo alilitikisa. Kaka yake alisimama mlangoni na kikombe cha chai, akimtazama.

"Pipa hilo ulilipekua jana."

"Jana nilipekua la jikoni."

"Kalamu haina miguu, Kitinda."

"Ndiyo maana naitafuta humu humu nyumbani, kaka."

Kaka akapiga funda la chai. "Mnunuzi anakuja saa nne. Ipatikane, isipatikane, shughuli iko palepale."

Walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa. Sasa alikuwa mwanamke mzima, na wateja walimwita Fundi, ila nyumbani jina halikukua pamoja naye.

Baba yao alikuwa fundi mizani maisha yake yote. Mizani za maduka, za maghala, za sonara, hata zile za kupimia watoto wachanga zahanati, zote zilipita mikononi mwake katika chumba cha mbele cha nyumba ile, na Kitinda akajifunza kazi akiwa pembeni yake. Kisha, mwanzoni mwa mwaka, kiharusi kikampiga mzee upande wa kulia. Akili ilibaki kali kama wembe, lakini ulimi ukawa mzito. Maneno yalimtoka yamesagika, hakuna aliyeyaelewa, na mwishowe akaacha kuyatoa.

Kilichobaki kilikuwa kalamu. Ilikuwa kalamu ya wino, nyeusi, nene tumboni, ncha yake imelika upande mmoja kwa kuufuata mkono wa mtu yuleyule miaka nenda miaka rudi. Peni za kawaida hutaka kukandamizwa, na mkono wa kulia wa mzee haukuweza kukandamiza hata mkate laini, wala wa kushoto haukuwahi kujifunza kuandika. Kalamu ile haikutaka nguvu. Uliigusisha tu kwenye karatasi, wino ukashuka wenyewe. Kaka alikuwa amemletea peni za kila aina, na kalamu nene za rangi zilizoishia kutoa madoa. Alimpa simu, kidole kikagusa herufi tatu kwa mpigo, na mzee akaisukuma simu hadi ikaangukia chini ya kochi.

Kwa kalamu yake aliandika polepole, herufi zimeinama kama watu wanaotembea kwenye upepo. *Chai imepoa.* Au: *Yule mteja mwongo. Mizani yake haikuanguka, aliipiga teke.* Siku moja aliandika: *Nimechoka kutazamwa kama maiti anayekula,* akacheka mpaka mate yakamtoka, na Kitinda akacheka naye huku machozi yanamdondoka.

Sasa kalamu haikuwapo. Ilitoweka jioni ileile kaka alipowasili kutoka mji anakofanya kazi, karatasi za mauzo zikiwa kwenye begi lake.

Kaka hakuwa mtu mbaya, na hilo ni haki lisemwe. Alikuwa na nyumba yenye chumba cha ziada, mke mwenye subira, na hospitali kubwa isiyo mbali. Tangu afike alikuwa akilala kwenye kochi miguu ikining'inia, akimgeuza baba usiku, akimwogesha asubuhi, bila kunung'unika. Alitaka nyumba na karakana viuzwe ili amchukue mzee akamtunze. Alipolitoa wazo hilo kwa simu, baba aliandika, *Nitafikiri,* na Kitinda akamsomea. Kaka akalipokea neno hilo kama ndiyo.

Kitinda alitaka kitu kimoja tu, kwamba baba aseme mwenyewe. Akisema ndiyo, angefunga vifaa vyake masandukuni bila neno. Akisema hapana, basi iwe hapana. Lakini bila kalamu, naye akifumba macho kila alipoulizwa habari ya mauzo, mzee angegawiwa mali yake kama marehemu, huku amekaa pale pale kwenye kiti, anapumua.

Alinawa mikono, akaingia sebuleni. Baba alikuwa kwenye kiti chake, karibu na mlango unaoingia karakana. Kitinda akapiga magoti mbele yake.

"Baba, mara ya mwisho uliiweka wapi?"

Mzee akageuza macho, akautazama mlango wa karakana. Jana alifanya hivyo hivyo.

"Huko hakuna, baba. Nimefagia mpaka chini ya meza. Nimepekua droo zote."

Mzee akafumba macho taratibu, kama mtu anayevumilia mtoto mzito wa kuelewa.

"Unamchosha," kaka alisema. Akavuta kiti, akakaa, akapunguza sauti. "Kitinda, nisikilize, na usinikasirikie. Ni wewe uliyeificha?"

"Mimi?"

"Kalamu isipokuwepo, sahihi hakuna. Sahihi isipokuwepo, nyumba haiuzwi, na wewe unabaki na karakana yako. Sisemi umefanya. Nauliza tu."

"Ungeuliza ukinitazama usoni."

Kaka akamtazama usoni. "Umeificha?"

"Nimeshika taka za mtaa mzima kuitafuta, unaniuliza hilo?"

"Mtu anayeficha kitu ndiye hukitafuta kwa kelele."

Neno lililomjia Kitinda halikuwa la kumwambia kaka mkubwa mbele ya baba.

"Haidhuru," kaka akasema, akainuka. "Nimekwisha kumwambia mnunuzi aje na wino wa dole gumba. Kidole hakihitaji kalamu."

Mzee akafumbua macho ghafla. Mkono wake wa kushoto ukaushika mkono wa kiti, vifundo vikatokeza. Kitinda aliliona hilo. Kaka alikuwa amekwisha geuka.

Mnunuzi alikuwa mtu wa maneno mengi na viatu vinavyolia. Alifika kabla ya saa, begi kwapani.

"Shikamoo mzee! Usijali, sitaki kujibiwa," akacheka peke yake. Aligonga kuta kwa kifundo cha kidole, akaangalia dari, kisha akausukuma mlango wa karakana bila kukaribishwa. Kaka na Kitinda wakamfuata.

Karakana ilikuwa haijafanya kazi tangu kaka afike. Vifaa vilikuwa vimepangwa ukutani kwa ukubwa wao, na juu ya kaunta ilikaa mizani kubwa ya shaba ya sahani mbili, imefunikwa kitambaa. Hiyo haikuwa ya mteja. Ndiyo iliyotumika kuzihukumu nyingine zote. Kwa hiyo kila siku kazi ilipoanza, mzee, na baada yake Kitinda, alifunua kitambaa kwanza na kuhakikisha mshale umesimama katikati kabisa, sahani zikiwa tupu.

"Na hii inakwenda na nyumba?" mnunuzi aliuliza, akakivuta kitambaa.

"Hiyo haiuzwi," Kitinda alisema.

"Tutaona. Naipenda." Akainamisha kichwa. "Ah, lakini mbovu. Imepinda upande. Imepooza kama mwenyewe!"

Kaka hakucheka, lakini hakusema kitu.

Kitinda hakuisikia dhihaka hiyo vizuri. Alikuwa anautazama mshale. Haukuwa katikati. Ulikuwa umelalia kushoto, na sahani ya kushoto, iliyo tupu, ilikuwa imeshuka. Mizani ile haikuwahi kulala hivyo tangu aifahamu. Kutu haingeweza kuilaza kwa siku chache. Kuna kitu kilichokuwa kinaivuta, na uzito wake Kitinda angeweza kuukisia kwa jicho: si kizito, ila si vumbi.

"Tuyamalize, ndugu yangu," mnunuzi alimwambia kaka. "Nina safari."

"Kitinda, njoo uwe shahidi," kaka akasema, na wote wawili wakarudi sebuleni, viatu vikilia.

Kitinda akabaki peke yake mbele ya kaunta. Chini ya kila sahani ya mizani ya aina ile kuna kitako cha shaba, kitupu kwa ndani, ambamo fundi hutia punje za risasi za kusawazisha. Huwezi kuangusha kitu humo kwa bahati mbaya. Lazima uinue sahani. Aliiinua ya kushoto.

Kalamu ilikuwa imelazwa humo, kifuniko kimekazwa.

Aliitoa, akaishika kiganjani. Basi hapakuwa na mwizi, wala kalamu haikupotea. Baba alijikokota mwenyewe mpaka hapa, labda kaka alipokuwa bafuni, akainua sahani kwa mkono mmoja mzima, akaificha sauti yake mahali ambapo ni mtu mmoja tu angeona kuwa kuna kitu. Kisha akautazama mlango siku zote hizo, akingoja mtu huyo afunue kitambaa.

Lakini kwa nini aifiche? Kitinda alijua jibu kabla hajamaliza kujiuliza. Kalamu ikiwa mezani, kaka angesema, tia sahihi, baba. Mzee hakutaka kutia, na hakuweza kumkatalia kaka usoni. Kwa hiyo alichagua kunyamaza kabisa.

Sasa afanye nini? Akimpelekea, anaikabidhi ile sahihi kwa mikono yake. Akiiacha, baba abaki bubu, na yeye Kitinda awe ameamua badala yake, sawasawa na kaka.

Sebuleni kulisikika mlio wa kikopo kikifunguliwa, halafu sauti ya kaka, ya upole, "Legeza, baba. Kidole tu. Hakiumi." Kisha ikaja sauti nyingine, nzito, isiyo na maneno, iliyotoka kifuani mwa mzee.

Kitinda akaingia.

Kaka alikuwa amekishika kidole gumba cha kulia cha baba juu ya kidau cha wino. Mzee alikuwa anajaribu kukunja ngumi. Vidole vilitetemeka, vikakunjika nusu, vikafunguka tena vyenyewe. Mnunuzi alishikilia karatasi isipeperuke.

"Mwache," Kitinda alisema. "Kalamu hii hapa."

Kaka aliinua kichwa. Uso wake ukabadilika pole pole. "Umeona? Ulikuwa nayo muda wote."

Kitinda alifungua kifuniko, akauondoa mkono wa baba kutoka mikononi mwa kaka yake, akaulaza mezani, akaiweka kalamu katikati ya vidole. Baba alimtazama. Hakuwa na furaha usoni. Alikuwa na hofu, na Kitinda akaona huenda amekosea vibaya.

"Safi sana," mnunuzi akasema, akiisogeza karatasi mpaka ikagusa kalamu. "Hapa mzee, penye mstari. Taratibu, usiogope."

Mzee aliutazama mstari ule. Kisha ncha ikashuka penye mstari uleule wa sahihi, ikaanza kutembea. Mnunuzi akatabasamu. Kaka akashusha pumzi. Kitinda aliangalia ukutani kwa sababu hakuweza kuangalia mkono ule.

Aligutushwa na sauti ya ncha. Ilikuwa haijakoma. Sahihi ya baba ilikuwa fupi, na kalamu ilikuwa imekwisha vuka mstari, imeingia ukingoni, inateremka.

*Sitaki. Siku zote hizi nimeificha kwa kukuogopa wewe mwanangu.*

Mnunuzi alisoma kwanza. "Ameiharibu karatasi," alisema. "Si neno, ninayo nakala garini. Mtulize kidogo, nakuja."

"Usilete," kaka alisema.

"Lakini tulikubaliana..."

"Nimesema usilete."

Viatu vikalia mpaka nje, mlango ukafungwa. Kaka aliisoma karatasi tena, midomo ikicheza kama mtoto anayejifunza kusoma.

"Unaniogopa mimi, baba?" Sauti ilikuwa ndogo mwanzoni, kisha ikapanda. "Mimi? Ninayelala kwenye kochi hilo? Ninayekuogesha? Nimeacha kazi, nimeacha watoto, nimekuja kukushika mkono, leo ndiyo unaniandikia hivi mbele ya mtu baki? Nimekufanya nini? Nimekupiga?"

"Kaka, punguza sauti."

"Wewe nyamaza! Naongea na baba yangu!"

Alikuwa amesimama, amemwinamia mzee, kidole kimenyooka, na kidole hicho kilikuwa cheusi kwa wino wa dole gumba. Mzee alirudisha kichwa nyuma, kidogo tu, upana wa unyoya. Kaka akaona. Kidole kikabaki hewani, kisha kikashuka, kana kwamba si chake.

Akakaa.

Mzee akaigeuza karatasi ya mauzo kwa mkono wa kushoto, upande mweupe ukawa juu, akaanza kuandika. Kaka alisogeza kiti ili asome kila neno linavyozaliwa.

*Ukininyanyua huniulizi. Ukiniogesha huniulizi. Ukishika kidole changu huniulizi. Najua unanipenda. Nataka*

Neno la mwisho lilipauka katikati, herufi ya mwisho ikawa mkwaruzo mtupu. Mzee alijaribu tena juu yake. Mkwaruzo. Akaitikisa kalamu kwa mkono ule usio na nguvu, haikutoa kitu.

"Unataka nini?" kaka aliuliza. Alimgeukia dada yake, macho yamemtoka. "Wino. Wino uko wapi?"

"Karakana, kwenye droo."

Kitinda alitaka kwenda mwenyewe, lakini kaka alikuwa amekwisha kuupita mlango. Walimsikia akifungua droo na kuifunga, akifungua nyingine, misumari ikimwagika sakafuni, akijilaani, akifungua nyingine tena. Nje, mnunuzi alipiga honi.

Mzee hakugeuka. Alikuwa ameweka kidole chake cha kushoto kwenye karatasi, pale neno lilipokatikia, pasipotee.