Baada ya Saba

Baba mkwe wangu alinibandika jina la Jiwe nikiwa na miaka kumi na miwili. Miaka kumi na minne baadaye nikaolewa na mwanawe, na siku ya harusi akaniita jina lile lile mbele ya wageni, sahani ya chakula mkononi. “Mwanangu kazunguka dunia nzima,” alisema, “karudi na jiwe.” Watu wakacheka. Mume wangu naye akacheka, ingawa alijitahidi kucheka kidogo.

Baba mkwe huyo alikuwa mwalimu wangu wa hesabu. Hata baada ya kustaafu mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Kufundisha kwake kulikuwa hivi: anagonga meza kwa fundo la kidole, mara mbili, kisha tatu, kisha tano, kisha saba, halafu ananyamaza na kumkazia macho mmoja wetu. Aliyekaziwa macho ndiye wa kugonga inayofuata. Hizo ni namba tasa, zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Zamu yangu ilipofika, niligonga tisa.

Mwalimu alikuja taratibu mpaka kwenye dawati langu, akanigonga kichwani mara mbili. Ko, ko. “Hodi! Wenyewe wapo?” Akatega sikio kwenye utosi wangu, akasubiri, darasa zima limebana kicheko. Kisha akainuka na kutangaza: “Hamna mtu. Ni jiwe.”

Tisa ni tatu mara tatu. Sijawahi kuisahau tena. Hodi ile alinipigia mwaka mzima, na baadaye akaendelea kunipigia nyumbani kwangu mwenyewe, nikichelewesha chai au nikiweka chumvi nyingi. Nilikuwa nameza tu. Kwa hiyo kiharusi kilipomwangusha bafuni kikamnyang’anya ulimi, mikono na miguu, mnisamehe kama sikugaragara chini kwa kilio. Nilimwogesha, nilimgeuza, nilimlisha kwa mpira wa puani. Kulia hakukuwa sehemu ya kazi.

Mume wangu ana kipindi redioni, kila Jumamosi saa kumi alasiri. Kwa miaka sita sasa anauliza swali moja: huko kwenye sayari nyingine zinazofanana na yetu, kuna wenye akili? Anaalika wataalamu, mmoja anasema wapo, mwingine anasema hawapo, na wasikilizaji wanapiga simu kuuliza kama hao wa huko nao wanalipa kodi ya nyumba. Siku za kazi anakaa nyumbani akisikiliza makelele yaliyonaswa na mitambo ya angani. Anavaa hedifoni asubuhi, anazivua kwa ajili ya chakula, anazirudisha. Meza yake iko sebuleni. Kitanda cha baba yake nacho tulikiweka sebuleni, maana hakikupita kwenye mlango wa chumba. Kati ya meza na kitanda ni hatua nne.

Daktari alikuja mara ya kwanza siku ya Alhamisi. Alimmulika macho, akamwita, akamshika mkono wa kulia na kumwambia aubane. Hakuna. Macho yalikuwa yanazurura tu darini.

“Nitarudi wiki ijayo, siku kama ya leo,” alisema. “Kama akili ipo, hata chembe, nitamwombea nafasi hospitali kuu. Kuna watu pale wanawafundisha wagonjwa kama yeye kuzungumza kwa ishara ndogo ndogo. Kama haipo, anakwenda wodi ya nyuma. Kule wanalishwa na kugeuzwa, basi. Sitawadanganya, kule hakuna anayewasemesha.”

“Tutajuaje?” aliuliza mume wangu.

“Mtazameni. Kitu chochote kinachojirudia kwa mpango, niambieni. Mimi nakuja kwa nusu saa. Ninyi ndio mnaokaa naye.”

“Mke wangu ndiye yuko naye kutwa,” alisema mume wangu, na wote wawili wakanigeukia.

Jumamosi ile, kabla ya kwenda redioni, mume wangu alisimama katikati ya sebule akayafanyia mazoezi maneno yake ya kipindi kwa sauti, kama kawaida yake. “Ndugu msikilizaji, utajuaje kwamba hayo si makelele tu? Upepo hauhesabu. Jiwe halihesabu. Lakini siku utakaposikia mbili, tatu, tano, saba, simama hapo ulipo. Kuna mtu anakuita.”

Aliyarudia mara tatu, akitafuta pa kushusha sauti. Mimi nilikuwa nambadilisha baba yake shuka.

Jumatatu mchana nilikuwa napiga pasi. Mume wangu yuko mezani, hedifoni masikioni, ametupa mgongo. Nikasikia ti, ti. Nikadhani ni pasi. Ti, ti, ti. Nikaiweka pembeni. Kelele ilitoka kitandani. Mkono wa kushoto wa Mwalimu ulikuwa umelala kwenye ukingo wa chuma, na kidole chenye pete ya ndoa kilikuwa kinainuka upana wa ukucha na kuanguka. Bila ile pete nisingesikia kitu. Kiligonga tano. Kikapumzika. Kikagonga saba. Kisha kikanyamaza, kikasubiri.

Nilijiona nimesimama tena mbele ya dawati. Nilichukua kijiko cha dawa nikagonga chuma kile kile, mara kumi na moja, nikizihesabu kwa midomo nisije nikakosea.

Kidole kikajibu kumi na tatu.

Nilifurahi. Naapa nilifurahi, hilo msinitilie shaka. Mume wangu alikuwa ameziba masikio akitafuta mtu miaka sita huko mbali kusikofikika, na mimi, Jiwe, nimempata kwa kijiko. Niligonga kumi na saba. Akagonga kumi na tisa. Zilimchukua muda mrefu, kidole kilitetemeka, jasho likamtoka kwenye paji la uso. Nilikwisha kunyoosha mkono nimshike mume wangu bega. Nikajiambia ngoja, moja tu ya mwisho, nimwonyeshe mzee kwamba wenyewe wapo. Nikagonga ishirini na moja.

Kimya.

Saba mara tatu. Niliijua kabla kijiko hakijatua.

Kidole kikainuka. Ti, ti. Mara mbili, kikatulia.

Hodi ile naijua. Ningeijua hata kaburini. Damu ilinipanda mpaka masikio yakawa moto, nikatupa kijiko, nikaelekea jikoni. Ni kweli, huenda alikuwa anaanza upya tu. Namba zile zinaanzia mbili, hata mtoto anajua. Nililiwaza hilo nikiwa mlangoni kabisa. Nilichotakiwa ni kusubiri kidogo nisikie kama tatu inafuata. Sikusubiri.

Nilisimama jikoni nikiwa nimeshika kingo za sinki, mpaka niliposikia mume wangu anapiga kelele. Pasi nilikuwa nimeiacha juu ya shati lake.

“Shati la kazini hili! Unaliunguza unaangalia?” Hatimaye alikuwa amevua hedifoni. Alisimama hatua moja kutoka kwa baba yake, akipunga moshi. “Akili yako iko wapi, lakini?”

Nilikuwa na jibu kubwa kuliko vipindi vyake vyote. Nilimtazama, nikamtazama baba yake, nikaona jinsi wanavyofanana taya.

“Sina,” nilisema. “Hamkuambiwa?”

Akazirudisha hedifoni.

Usiku ule, na Jumanne, na Jumatano, nilijiambia nitasema kesho. Mwalimu aligonga kila mume wangu alipotoka na kila aliporudi, na nilipoona anachosha masikio yangu nilimkunjia taulo nikaliweka kati ya mkono na chuma. Wahenga walisema usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe. Nilimwona akilini Mwalimu amefundishwa kuzungumza kwa ishara ndogo ndogo, amerudishwa sebuleni kwangu, na neno la kwanza analolitunga, herufi kwa herufi, wataalamu wakimshangilia, ni jina langu. Lile alilonipa yeye.

Taulo daktari angeweza kuliondoa, kwa hiyo Alhamisi asubuhi nilichukua beseni la maji na kipande cha sabuni. Nilipaka povu kwenye kidole chake mpaka kikateleza. Alielewa. Kidole kilijikunja kuizuia pete, na kilikuwa na nguvu za kifaranga. Niliizungusha taratibu, nisimuumize, ikatoka. Mkewe ndiye aliyemvisha, na huyo tulimzika miaka tisa iliyopita. Niliifunga kwenye leso, nikaitia kwenye mfuko wa gauni.

Daktari alifika saa nne. Mume wangu alikuwa upande wa kichwa, mimi upande wa miguu. Vipimo vilikuwa vile vile, na majibu vile vile. Kisha daktari akainama juu ya mkono wa kushoto.

“Na hiki kidole vipi? Naona kinacheza.”

Kilikuwa kinagonga taulo. Hakuna sauti iliyotoka, lakini mimi niliiona tano yote, moja moja.

“Kinarukaruka hivyo hivyo, daktari,” nilisema. “Hata akiwa usingizini.”

“Hakuna mpango wowote? Umewahi kujaribu kuhesabu?”

“Mimi hesabu hazipandi. Mwalimu mwenyewe angekuambia.”

Mume wangu alitoa kicheko kidogo cha huzuni, akanishika mkono. Laiti angeshusha macho tu. Bingwa wa mbili, tatu, tano, saba alikuwa amesimama juu ya saba iliyokuwa inapigwa chini ya pua yake, na yeye anatazama uso. Watu wote hutazama uso. Chozi likamtoka mzee, likateremka mpaka sikioni.

“Haya machozi yasiwape matumaini,” alisema daktari. “Macho yakikosa kupepesa hutoka yenyewe.” Akaandika. Niliangalia kalamu yake ikienda, nikajua naweza kuisimamisha kwa neno moja. Mkuki kwa nguruwe, wanasema, kwa binadamu mchungu. Nilitaka auonje. Gari lilikuja saa nane.

Jumamosi nilisikiliza kipindi nikiwa nakung’uta godoro. Msikilizaji mmoja alipiga simu akauliza, siku tukiwapata hao wa sayari nyingine, tuwaambie nini? Mimi ninayemjua mume wangu nilisikia kwamba analia.

“Hatuhitaji kuwaambia kitu, ndugu yangu,” alisema. “Tuwajibu tu. Mtu aliyeita muda mrefu, akijibiwa, inamtosha.”

Jumapili tulikwenda kumwona. Wodi ya nyuma ni chumba kirefu chenye madirisha ya juu, na wagonjwa wamepangwa vichwa ukutani. Yeye alikuwa wa mwisho, karibu na stoo ya mashuka. Muuguzi alikuwa anampita akizungumza na mwenzake kuhusu viatu. Mume wangu alimbusu baba yake kwenye paji la uso, akasimama pale hajui afanye nini na mikono yake, kisha akaenda kumuuliza muuguzi habari za pajama.

Nilibaki peke yangu naye. Kidole kilikuwa kinasogea juu ya blanketi. Sijui nilichokuwa nakitafuta, labda kuhakikisha kwamba sikumwota. Nilipitisha kiganja changu chini yake.

Mbili. Tatu. Tano. Saba.

Akasubiri. Nilikaza mkono usimjibu. Alisubiri sana, macho darini, kisha kidole kikaanza tena chenyewe, na mimi nikahesabu, nikingojea kumi na moja. Saba, nane, tisa. Kikasimama.

Nilidhani amechoka. Akaanza upya: mbili, tatu, tano, saba, kisha tisa, na baada ya tisa akanibonyeza kiganja kwa ncha ya kidole kile, akakiacha hapo hapo.

Mwalimu alifundisha namba hizi miaka thelathini na mmoja. Angeweza kusahau jina la mwanawe, lakini asingekosea baada ya saba. Hiyo tisa ilikuwa yangu. Aliitoa kwenye darasa lile, kutoka kwa msichana wa miaka kumi na miwili, akaiweka kwenye mkono wangu, na kichwani hakunigonga. Nimejaribu kujiambia kwamba ni ubongo wake uliokuwa unaharibika, na kwamba kwa hiyo sikumdanganya daktari. Siamini. Alikuwa ananiomba radhi, kwa lugha pekee iliyobaki kati yetu, na mtu pekee duniani ambaye angeielewa alikuwa mimi.

Nikasikia viatu vya mume wangu vikirudi. Nikisema sasa, ataniuliza nimejua tangu lini. Ataniuliza pete iko wapi.

“Vipi?” alisema, amesimama nyuma yangu. “Umehisi chochote?”

Sauti yake ilikuwa na tumaini, lile lile la kila Jumamosi. Niliutoa mkono wangu taratibu. Niliuchukua mkono wa Mwalimu nikauingiza ndani, nikachomeka blanketi chini ya godoro, upande huu na upande ule, kwa nguvu, jinsi wauguzi wanavyofanya ili mgonjwa asianguke.

“Twende, mume wangu,” nilisema. “Hamna mtu.”