Shanga Nyeupe kwenye Ncha ya Mtutu

Marehemu mzee Sizemore aliwaachia binti zake wawili shamba moja kule milimani Kentaki, akaligawa kwa haki, kisha akafa akiwa amesahau mti mmoja. Mhikori ule, mti wa kokwa ngumu, uliota juu kabisa ya mlima, kwenye mpaka, nusu kwa Delphia na nusu kwa Verna, na kindi wa wilaya nzima walikubaliana kwamba hakuna mti mwingine wenye kokwa tamu kama zake. Chini yake hukaa mwindaji mmoja tu. Wakikaa wawili, huanza kunong'onezana, na kindi hawapendi umbea.

Kwa hiyo dada hao walijitungia sheria. Kila Agosti, jioni ya kuamkia ufunguzi wa msimu wa kuwinda kindi, kila mmoja hupiga risasi moja kwenye sahani ya karatasi iliyochorwa alama ya X. Anayekaribia zaidi huchukua mti. Miaka miwili mfululizo Verna, mdogo mtu, ndiye aliyeuchukua, na Delphia alikaa bondeni akisikiliza bunduki ya mwenzake ikicheka huko juu.

Delphia hakuwa amesahau kulenga. Kilichomwangusha ni kilengeo cha mbele, kile kijinundu cha chuma kwenye ncha ya mtutu. Kilikuwa cheusi, na macho yake ya miaka hamsini na minane yalikuwa yamekata uhusiano na vitu vyeusi. Basi akaagiza kipya, chenye shanga nyeupe kichwani. Kikaletwa na posta mchana wa siku yenyewe ya mashindano.

"Mwaka huu hatukai bondeni," akamwambia Estill, mumewe, huku akiirarua bahasha.

Walihakikisha bunduki haina risasi, wakatoa komeo lake, wakaubana mtutu kwenye jiriwa kwa vipande vya ngozi. Kilengeo hukaa ndani ya mfereji uliokatwa kukingama mtutu, na huingia kwa ubavu kama droo. Estill akashika kijiti cha shaba na nyundo, akagonga kutoka kulia. Akagonga tena. Kilengeo cha zamani kikakaa kimya kama mgeni asiyetaka kuaga.

"Kimeota mizizi," akasema Estill.

"Unakitolea mlangoni au ukutani? Hutoka kwa kulia. Sogea."

Delphia akagonga kutoka kushoto. Kikatoka. Lakini kipya kikagoma kuingia. Wenye kiwanda hukiacha kinene kidogo makusudi. Estill akachukua tupa, akauinamia mfereji.

"Gusa huo mtutu na hiyo tupa," akasema Delphia, "na leo utalala na kuku."

Akakisugua kilengeo chenyewe kwa chini, taratibu, akikijaribu kila baada ya kusugua kidogo, mpaka kikaingia nusu kwa kidole na nusu kwa nyundo. Akarudisha komeo, akaweka bunduki begani, akaangalia. Shanga ilikuwa pale, nyeupe, kama punje ya mchele juu ya sufuria.

Walipotoka uani, Verna akafika na bunduki yake na pai ya tofaa mkononi, akaketi juu ya gogo kama hakimu.

"Shikamoo dada. Naona umemvika bibi kizee hereni."

"Marahaba. Kula pai yako."

Delphia akapiga risasi ya majaribio kwenye tuta la udongo. Ikaenda kushoto ya alama, upana wa kiganja.

"Imekwenda kushoto," akatangaza Estill, kwa sauti ya mtu aliyesomea. "Kisogeze kilengeo kulia."

Ilisikika kuwa busara. Wakatoa risasi, Delphia akagonga kulia, akapiga tena. Risasi ikakosa sahani nzima, kushoto.

"Bado kidogo," akasema Estill. "Ongeza kulia."

Verna akaacha kutafuna. Alikuwa na sababu zote za kunyamaza: jua lilikuwa linashuka, na mti ulikuwa wake tena bila jasho. Delphia aliona mashavu ya mdogo wake yakivimba kwa neno. Akagonga kulia. Risasi iliyofuata ilikata ua la boga kwenye bustani ya Estill.

"Basi, jamani, basi," Verna akapasuka. "Kilengeo cha nyuma ndicho unachokipeleka unakotaka risasi iende. Cha mbele unakipeleka kulifuata kosa. Imekwenda kushoto, gonga kushoto. Baba alipofundisha ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa napika ili wewe ule."

"Na shemeji naye, anasema tu kama redio."

Delphia hakungoja. Akagonga kushoto, akagonga tena, akapiga. Risasi ikatoboa katikati ya sahani. Verna akaitazama pai yake kana kwamba ndiyo iliyosema.

Wakabandika sahani mpya. Verna akapiga kwanza: pembeni mwa makutano ya X, umbali wa ukucha. Risasi nzuri, na yeye mwenyewe alijua. Delphia akavuta pumzi, akaitua shanga nyeupe chini ya alama, akabana kidole polepole.

Estill akaenda kuangalia. Akakaa muda mrefu mno.

"We Estill, unasali?"

"Mistari miwili imekatika palepale inapokutana," akasema. "Haipo tena."

Verna akaenda kuhakikisha, akaingiza kidole kwenye tundu, akarudi.

"Ningefunga mdomo," akasema.

"Ungekuwa juu kesho."

"Ningekuwa." Akasimama, akapangusa sketi. "Lakini ningewezaje? Risasi zenu zilikuwa zinaelekea Virginia, jimbo la pili."

Akamwachia dada yake kipande cha pai kilichobaki, akashuka zake kuelekea bondeni kutafuta pa kukaa kesho.

Usiku huo maharage na mkate wa mahindi vilikuwa mezani, Delphia bado amesimama jikoni na bunduki tupu, akilenga kalenda ya duka la mbegu.

"Maharage yanapoa," akasema Estill.

"Naliona jicho lake."

"La nani?"

"La jogoo wa kalenda," akasema Delphia, na hakuishusha bunduki.