Tangazo la Ijumaa

Katika kile kituo cha kusukuma maji, habari za chama cha wafanyakazi hazikuwa habari mpaka zisomwe na Katibu chini ya ubao wa matangazo, Ijumaa asubuhi, zamu moja ikitoka na nyingine ikiingia. Ungeweza kuzisikia mapema kantini, ungeweza hata kunong'onezwa na Mwenyekiti mwenyewe, bado zilikuwa umbea. Zikishasomwa na kubandikwa na muhuri wake, hapo watu walizishika. Katibu alikuwa mpimaji wa maji kule maabara, mwanamke mwenye sauti iliyofika mpaka kwenye matangi bila kipaza sauti. Walimchagua kwa sauti hiyo, na kwa sababu walimwona ni mtu asiyepindisha maneno.

Kituo kilikuwa na desturi nyingine, ya vikombe. Kwenye chumba cha chai kulikuwa na rafu ndefu, na juu yake kila mfanyakazi aliweka kikombe chake cha bati, namba yake ya kazi imeandikwa kwa rangi na kuelekea mlangoni. Ukivunja mgomo, kikombe chako kinageuzwa, namba inaangalia ukuta. Kuanzia hapo husalimiwi, husogezewi kiti, na ukiuguza hakuna wa kukuchangia. Hakuna anayeruhusiwa kukirudisha, hata wewe mwenyewe, mpaka chama kitangaze chini ya ubao. Ni mchezo wa kitoto, ukiniuliza mimi, lakini umewahi kuwaliza wanaume wenye ndevu zao.

Kikombe namba sabini na moja kilikuwa kimeangalia ukuta kwa miezi minne. Kilikuwa cha Babu Pampu.

Babu Pampu alikuwa ameendesha mitambo ya kituo hicho miaka thelathini na mitatu. Hakuwa mtu wa hekima nyingi, tusimvalishe kilemba cha ukoka. Alikuwa mtu wa utani. Pampu ya tatu, ile inayopeleka maji hospitali peke yake, aliiita Mama Mkwe, kwa sababu ilinung'unika hata ikipewa haki yake yote, na ilitaka uiendee kwa adabu. Yeye ndiye aliyemfundisha Katibu, alipoajiriwa akiwa msichana, kuweka kiganja juu ya mtambo na kujua kama unaumwa. Alimwita binti yangu, na Katibu alimwita Babu, na kwa muda mrefu hapakuwa na la kuongeza hapo.

Kisha ukaja mgomo. Wanachama walinyoosha mikono uwanjani, wote, kwamba halitasukumwa hata tone mpaka vibarua wapewe mikataba. Siku ya pili jioni, muuguzi mkuu wa hospitali akamfuata Mwenyekiti nyumbani kwake, akamwambia kuna wazazi wodini wamejifungua na hakuna maji ya kuwasafisha. Mwenyekiti akamwita Katibu, Katibu akamwita Babu Pampu, wakakaa watatu kwenye benchi nyuma ya maabara. Wakakata shauri Mama Mkwe awashwe kwa muda wa saa mbili kila alfajiri. Wanachama wasiambiwe, maana wakiambiwa kila mmoja angeombea na mtaa wake.

"Wakikuona, mzee, watakugeuzia kikombe," Mwenyekiti alisema. "Lakini mgomo ukiisha tu, tangazo la kwanza ni la kukusafisha. Mimi nakuahidi."

"Mimi nitawasha," Babu Pampu alisema. "Maneno andikeni nyinyi mliosoma."

Siku ya nne akaonekana akitoka mlango wa nyuma, mikono ya shati imejaa grisi. Aliyemwona ni Spana, fundi bomba, pande la mtu asiye na simile, ambaye ndiye aliyekuwa akilinda geti siku zote za mgomo. Mke wa Spana alikuwa hospitali wiki hiyo hiyo, amejifungua pacha, na yeye alikuwa hajaenda kuwaona kwa sababu ya kulinda geti. Alikwenda moja kwa moja chumba cha chai akakigeuza kikombe namba sabini na moja mbele ya watu. Babu Pampu akamtazama, akafuta mikono yake kwa kitambaa, akaenda zake.

Mgomo uliisha siku ya tisa, na chama kilishinda. Katibu akaandika tangazo la kumsafisha Babu Pampu, akampelekea Mwenyekiti.

"Si leo," Mwenyekiti alisema. "Watu bado wana jazba. Waliapa hata tone."

Wiki iliyofuata ilikuwa ya mikataba ya vibarua. Iliyofuata ilikuwa ya mabuti. Kisha uchaguzi wa chama ukasogea, na Mwenyekiti akaanza kusema kile alichokuwa nacho moyoni tangu mwanzo: wanachama wakijua viongozi waliwazunguka, yeye nje, na Katibu nje. Na Katibu je? Tusimfanye malaika. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi ile ile ya kura, na alikipenda kile kisanduku alichosimama juu yake kusoma. Kwa hiyo kila Ijumaa alisoma habari za likizo na mabuti na malipo ya ziada, na kila Ijumaa alimwona Babu Pampu amesimama mbali, karibu na valvu kubwa, amevua kofia yake, anasikiliza mpaka neno la mwisho. Likiisha anavaa kofia na kurudi kazini. Katibu alijitia hamnazo.

Mke wa Babu Pampu alikuwa mtu wa shirika hilo hilo la maji, msoma mita mstaafu, mwanachama tangu enzi za vikao vya uani, na mjini alijulikana kwa jina la Mama Mita. Yeye naye hakuambiwa. Babu Pampu aliapa kufunga mdomo na akaufunga mpaka nyumbani kwake. Mama Mita alisikia habari za kikombe sokoni, kwa mdomo wa wake za watu, na tangu siku hiyo aliacha kummiminia mumewe chai. Alimwekea birika mezani, akampa mgongo.

Ikafika Ijumaa ya Babu Pampu kustaafu. Desturi ni kwamba anayestaafu hunywa chai ya mwisho uwanjani, kwa kikombe chake, wenzake wamemzunguka, kisha anakwenda nacho nyumbani. Mwenye kikombe kilichogeuzwa hanywi kitu. Katibu aliliona hilo likija, na siku ya Alhamisi akapiga moyo konde. Akalichapa tangazo upya, akaweka tarehe ya Ijumaa, akaligonga muhuri bila kumwuliza mtu. Asubuhi yake, Mwenyekiti akamkuta getini.

"Nimesikia una karatasi," alisema.

"Anastaafu leo, Mwenyekiti. Leo!"

"Na sisi tunapigiwa kura kesho. Kesho, dada yangu! Ameshangoja miezi minne. Jumatatu, hata kama si siku ya matangazo, utasoma kwa sauti yote uliyopewa na Mungu, na tutamwita, na chai tutampa, na keki juu. Siku tatu hizi zitamuua?"

Katibu akaikunja karatasi mara nne, akaitia mkobani. Akapanda kisanduku akasoma habari za mabuti. Kule kwenye valvu, Babu Pampu akavaa kofia.

Katibu alimfuata kwenye chumba cha mitambo. Mzee alikuwa anampangusa Mama Mkwe, taratibu, kama mtu anayemvalisha mtoto wa kumpeleka kwa wageni.

"Jumatatu, Babu," Katibu alisema. "Limeshaandikwa, lina muhuri. Jumatatu bila kukosa."

"Miezi minne nimemeza, binti yangu. Siku tatu zitanikwama?" Akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Kisha akasema, bila kumwangalia, "Ila nilikuwa nataka kukuomba kitu. Leo nikifika nyumbani, nimwambie mama yenu. Yeye tu."

Hapo ndipo Katibu alipokosea, na siku atakayokufa ndiyo atakayoacha kulijutia kosa hilo. Alimfikiria Mama Mita na wanachama wote waliopita kwenye kibaraza chake kila jioni. Akafikiria kura.

"Ngoja Jumatatu, Babu," alisema. "Unamjua mama, hatalala nalo. Atalisikia pamoja na wote, litanoga zaidi."

"Haya," Babu Pampu alisema. "Haya, mwanangu."

Alitoka saa tisa mchana na mfuko wake wa plastiki. Hakuna aliyenyanyuka. Kikombe alikiacha kwenye rafu, kimeangalia ukuta, kwa sababu hakikuwa kimetangazwa, na yeye alikuwa mtu wa chama.

Jumamosi Mwenyekiti na Katibu walishinda kwa kishindo. Jumapili asubuhi ikaja habari kwamba Babu Pampu hakuamka. Moyo, daktari alisema. Jumatatu Mwenyekiti alimpigia Katibu simu akasema neno moja, "Soma," na yeye mwenyewe hakutokea.

Katibu alipanda kisanduku. Akatoa mkobani karatasi ile ile, akaikunjua, akasoma:

"Chama kinawatangazia wanachama wote kwamba mwendesha pampu mwenye namba sabini na moja hakuvunja mgomo. Aliwasha pampu ya tatu kila alfajiri kwa agizo la viongozi, ili hospitali ipate maji. Viongozi ndio waliowaficha. Kikombe chake kirudishwe."

Ile sauti maarufu ilimkatikia kwenye neno hospitali, akarudia. Hakuna aliyepiga kelele, na yeye alitamani wapige. Walisimama tu na mabuti yao mapya. Spana alikuwa mbele, mdomo wazi, akihesabu siku kwa vidole, na alipofika kwenye siku waliyozaliwa pacha wake akaacha kuhesabu.

"Ni yeye aliyewaosha wanangu," alisema. "Katibu, ni yeye?"

"Ni yeye."

Spana akaenda chumba cha chai. Walimsikia huko ndani akilia kwa sauti, mtu mzima na mwili wake ule. Alirudi amekishika kikombe kwa mikono miwili, akakisugua kwa shati lake, akampa Katibu. "Mpelekee mama," alisema. "Mimi sina uso."

Mazishi yalikuwa saa kumi, na nyumba ilikuwa imejaa. Asubuhi ile ile wanachama waliokaa miezi minne bila kupita walikuja na viti na maturubai, wakahangaika uani kuliko hata ndugu, lakini hakuna aliyethubutu kumweleza mjane. Mama Mita alikuwa chumbani, amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Katibu akapiga magoti mbele yake. Akamwekea kikombe, namba ikimwelekea. Kisha akamsomea tangazo, polepole, mpaka mwisho.

Mama Mita alikiangalia kikombe.

"Kwa hiyo hata mimi," alisema. "Hata mimi nilimgeuza."

"Hukujua, mama. Aliapa kutokusema. Kosa ni letu sisi."

"Lete hiyo karatasi."

Akavaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi. Macho yake yalikuwa yamesoma mita kwa miaka ishirini na sita, nyumba kwa nyumba, na bado yalikimbilia tarakimu kabla ya maneno. Hayakwenda kwenye tangazo. Yalikwenda juu, pembeni, kwenye muhuri.

"Hii tarehe ni ya Ijumaa," alisema.

Katibu akautazama mkeka.

"Leo ni Jumatatu. Karatasi hii uliigonga muhuri wa Ijumaa."

"Ndiyo, mama."

"Ijumaa ilikuwa wapi?"

Katibu akauweka mkono juu ya mkoba wake. "Humu," alisema. Alitaka kusema habari za uchaguzi, na za Mwenyekiti, na maneno yote yakaonekana machafu kwake. Akasema lililobaki. "Aliniomba ruhusa akwambie wewe tu. Nikamkatalia."

Alingoja tusi. Alingoja kofi, na angelipokea kwa mikono miwili. Mama Mita aliivua miwani, akaikunja karatasi kwa mikunjo ile ile minne, akaitia ndani ya kikombe.

"Ijumaa alirudi mapema," alisema. "Akakaa pale mezani. Akasema, mke wangu, Jumatatu nitakuwa na habari. Nikamwambia sina haja na habari za msaliti, chai ile pale, mimina. Akacheka. Akasema haya, ngoja Jumatatu. Jumamosi yote alikuwa anaimba bafuni, nikasema huyu mzee hana hata aibu."

Nje walianza kuita watu wa kubeba jeneza. Spana alikuwa wa kwanza kuitika. Mama Mita alikuwa anakizungushazungusha kikombe, akipitisha kidole juu ya ile sabini na moja, ambayo rangi yake ilikuwa imeanza kubanduka.

"Siku mbili," alisema. "Ningekuwa na siku mbili nzima. Ningemmiminia chai."