Milimita Moja ya Ami Isa

Kadi ya beziboli ya Walter iliporudi kutoka kwa wapima kadi, wale wanaozipa kadi za kale alama za ubora, bila alama yoyote, mfanyakazi wake Umi alishika ufagio.

"Eti ni ndogo kuliko kipimo!" Walter alinguruma, duka lake zima la kadi mjini Roseville likamsikia. "Kadi chakavu wanaipa alama, hata moja kati ya kumi. Yangu hakuna! Eti hawajui kama kiwanda kiliikata vibaya au tapeli amepunguza kingo zionekane mpya. Tapeli! Niliinunua mwenyewe mwaka wa hamsini na tatu, nina miaka saba!"

Umi akafagia palipokwisha kufagiwa.

Yeye ndiye aliyeipeleka kadi nyumbani kwao Richfield kuifungasha. Ami yake, Isa, fundi wa picha wa Mombasa kwa miaka thelathini, hajawahi kuacha picha itoke mkononi mwake na kingo zilizochakaa. Aliikuta mezani, akaihurumia, akaitia kwenye kikatio chake cha picha. Milimita moja tu kila upande.

"Sasa inapendeza," alisema. Umi alitaka kulia. Akaogopa kufukuzwa kazi, akaituma hivyo hivyo.

Walter hakukubali kushindwa. Aliwaandikia wapima barua tatu, kila moja kali kuliko iliyotangulia, kisha akaiweka kadi kwenye kabati la kioo chini ya bango: KOSA LA KIWANDA. Watu walikuja kuipima na rula zao, wengine kutoka mbali hadi mji wa Savage.

Jumamosi moja Ami Isa akamletea Umi chakula. Akaiona kadi, uso ukamng'aa.

"Ami, twende nje," Umi akanong'ona, akimvuta koti.

"Hebu niache, mwanangu." Akamgeukia Walter kwa Kiingereza chake cha studio. "Hii nimeikata mimi. Pande zote nne. Wala sidai kitu."

Walter akachukua lenzi, akazitazama zile kingo kwa mara ya kwanza. Zilikuwa laini mno, hazina hata unyuzi mmoja wa karatasi, ule ulioachwa na mashine za zamani za kiwandani.

"Umi. Ulijua?"

"Kabla sijaitia kwenye bahasha."

Masikio ya Walter yaliwiva. "Barua tatu za matusi nimetuma mimi. Tatu za kuomba radhi utaandika wewe, leo, kabla hujagusa hicho chakula. Ukimaliza, badilisha bango. Jumatatu njoo mapema."

Umi akashusha pumzi.

"Na hao wapima wakitaka picha ya kadi," Ami Isa akadakia, mkono tayari kwenye kabati, "naweza kuipunguza kidogo..."

"Usiguse!" wakapiga kelele wote wawili.