Prosesa Isiyopiga Kelele

Usingizi ulimkimbia Mzee Yeh alipostaafu, na ulikuwa bado haujarudi. Kila asubuhi bintiye, Pei-shan, alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri basi la kiwandani limpitie.

"Umelala, Baba?"

"Nimelala."

Macho yake yalikuwa mekundu, na chini yake ngozi ilikuwa imelegea. Pei-shan alikwenda jikoni kupasha maziwa ya soya, akitembea kwa ncha za vidole.

Waliishi wawili tu katika nyumba ndogo huko Xindian, pembeni mwa Taipei, ndani kabisa ya kichochoro kisichopitwa na gari. Mzee alikuwa amehamia kwa bintiye kutoka Hsinchu, mji wa viwanda vya chipu za kompyuta na wa upepo usiokoma. Tangu aje, Pei-shan alikuwa akiwinda kelele ndani ya nyumba ile kama wengine wanavyowinda mende. Alibandika vitambaa chini ya miguu ya viti. Aliiondoa saa ya ukutani kwa sababu ilikuwa ikigonga. Friji iliyokuwa ikinguruma alimpa jirani, akanunua nyingine iliyo bubu. Mwishowe nyumba ikanyamaza kiasi kwamba ukisimama jikoni ungeweza kusikia mchele ukinywa maji sufuriani. Na baba yake akazidi kukonda.

Kisha kompyuta ya Pei-shan ikafa, katikati ya kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa filamu fupi ya katuni, aliyokuwa akiichora peke yake tangu alipomaliza chuo. Ilihusu mji uliozama ziwani, ambao watu wake hawakufa bali walisinzia, wakawa wanaelea juu ya vitanda vyao huku samaki wakipita kwenye madirisha. Kilichobaki kilikuwa sehemu ya mwisho, ile ya maji yenyewe: mwanga unavyoshuka, unavyovunjika, unavyolala juu ya nyuso za watu. Sehemu hiyo huchorwa na mashine, tone kwa tone, na mashine hufanya hivyo kwa prosesa, ile chipu iliyo ubongo wa kompyuta. Prosesa dhaifu isingeimaliza kabla ya tamasha la filamu la Taichung. Prosesa yenye nguvu ingeimaliza, lakini nguvu huleta joto, joto hutaka feni, na feni hupiga kelele. Meza yake ya kazi ilikuwa sebuleni, na kati ya meza ile na kitanda cha baba yake palikuwa na ukuta wa mbao ambao hata kikohozi kilipenya.

Kwa hiyo alikuwa ameshaamua. Angenunua ile ya kimya, na ziwa angelikata kwenye filamu. Hakumwambia mtu.

Jumamosi walikwenda soko la kompyuta la Guanghua, mvua ikinyesha nyembamba kama uzi. Mzee ndiye aliyetaka kufuatana naye.

"Nataka nione chipu zinapoishia," alisema.

Maisha yake yote ya kazi kiwandani alikuwa amezitazama zikizaliwa, visahani vyembamba vya silikoni vikipita mbele yake, wala hakuwahi kuona hata kimoja kikiingizwa ndani ya kompyuta.

Kibanda cha Dada Chiu kilikuwa ghorofa ya tatu, kimejaa makasha hadi darini. Dada Chiu alikuwa na nywele za rangi ya zambarau na kikombe cha chai yenye lulu za muhogo ambacho hakikuwahi kuisha. Alimsikiliza Pei-shan, huku akivuta lulu kwa mrija.

"Hebu nikuelewe, mdogo wangu. Unachora filamu."

"Ndiyo."

"Na unataka kitu kisichopata joto, kisichonguruma, hata kupumua kisipumue."

"Ikiwezekana, dada."

"Sasa unatafuta kompyuta au unatafuta mto?"

Pei-shan akainamisha uso. Masikio yalimwaka. Baba yake alicheka kidogo, cheko la pua, ambalo Pei-shan hakuwa amelisikia siku nyingi.

Dada Chiu akaweka vijisanduku viwili juu ya kaunta. "Hii ya kushoto ni mpole. Haina makuu. Hii ya kulia ni farasi, lakini utaisikia." Akaifungua ile ya kulia, akamkabidhi Mzee, maana alikuwa ameona jinsi alivyokuwa akiitazama. "Shika pembeni, mzee."

"Najua kushika," alisema Mzee Yeh.

Ilikuwa ndogo kama biskuti. Aliigeuza taratibu kwenye mwanga, na Pei-shan, aliyekuwa akiangalia juu ya bega lake, akaona kwamba ukiitazama sana ilikuwa kama mji ukiuona kutoka kwenye ndege, paa moja kubwa la fedha linalong'aa, na chini yake, mahali usipopaona, barabara zisizo na idadi, na taa zinazowaka na kuzimika.

"Chumba chetu cha kazi kilikuwa cha njano," baba yake alisema, kama anaiambia ile biskuti. "Taa zote njano, mchana na usiku. Tumevaa meupe mwili mzima, unaona macho ya mwenzako tu. Mama yako nilimjua macho mwaka mzima kabla sijamjua mdomo."

"Na mdomo ulikupendeza?" Dada Chiu aliuliza.

"Ulikuwa unaongea sana."

"Basi alikuwa mtu mzuri. Nitaziwasha zote mbili, msikie wenyewe."

Alizipachika kwenye meza ya majaribio, kila moja kwenye ubao wake, waya zikining'inia wazi. Kisha akanyoosha mkono kuchukua pakiti ya kijani ya bisi za nazi iliyokuwa juu ya meza, akasoma tarehe yake, akasonya.

"Imepitwa na wakati. Siwashi kitu."

Hakuna aliyeshangaa. Kote Taiwan pakiti ya kijani hukaa juu ya kila mashine yenye thamani ili mashine itulie, na pakiti iliyopitwa na wakati ni mbaya kuliko kutokuwa nayo. Pei-shan akashuka hadi duka la chini. Za kijani zilikuwa zimekwisha. Akili yake ilikuwa kwenye ziwa lake, akachukua za njano, akalipa, akapanda ngazi.

Dada Chiu alipoiona pakiti aliweka kikombe chake chini kwa mara ya kwanza.

"Njano. Mdogo wangu, umesoma wapi wewe?"

"Ni bisi zilezile, dada."

"Taa ya njano kwenye mashine maana yake nini?"

"Hitilafu," Pei-shan alisema kwa sauti ndogo.

"Kwetu kiwandani kijana mmoja alileta njano," Mzee Yeh alisema kwa huzuni, "ikabidi aombe radhi kwa zamu nzima. Tena ile pakiti aliila mwenyewe, hadharani, mpaka makombo. Kaa. Nitakwenda mimi."

"Baba, mvua."

"Sitayeyuka."

Alikawia. Alikuwa amezunguka hadi duka la ng'ambo ya barabara kutafuta kijani. Aliporudi mabega yake yalikuwa yamelowa na pumzi zinamkata. Aliiweka pakiti juu ya meza ya majaribio, akainyoosha vizuri, kisha akaketi kwenye kiti cha plastiki kati ya zile mbao mbili, kama msimamizi.

Dada Chiu akawasha ile mpole. Picha ikatokea kwenye skrini. Hapakuwa na sauti yoyote. Mzee alikaa wima, akikodoa macho yake mekundu.

"Haifanyi kazi?"

"Inafanya, mzee. Ndivyo ilivyo."

Mzee akaitikia kwa kichwa, bila furaha. Pei-shan alimtazama, akafikiri: hii ndiyo. Akatoa pochi.

"Ngoja, farasi naye ana haki," alisema Dada Chiu. "Nipe kazi yako ngumu kuliko zote."

Pei-shan akampa diski ndogo yenye filamu yake, akachagua ziwa.

Mwanzo ilikuwa pumzi tu. Kisha feni zikapanda, moja baada ya nyingine, hadi zikakaa kwenye sauti moja, pana, isiyo na mwanzo, kama hewa inayoshuka kutoka dari kubwa hadi sakafuni bila kukoma. Kwenye skrini maji yakaanza kuja, mraba baada ya mraba. Kaunta ikatetemeka kidogo. Pei-shan aligeuka kumwomba baba yake radhi.

Kidevu cha Mzee Yeh kilikuwa kimegusa kifua. Mikono yake ilikuwa imefunguka juu ya magoti. Mwanga wa ziwa ulimpitia usoni, ukashuka, ukavunjika, ukalala kwenye mashavu yake, na kwa muda Pei-shan hakujua kama alikuwa sokoni au ndani ya filamu yake mwenyewe. Aliona kama kile kiti cha plastiki kimeinuka kidogo kutoka sakafuni, na baba yake anaelea.

Alikumbuka saa aliyoiondoa ukutani. Akakumbuka friji. Alikumbuka kila kitu alichokinyamazisha kwa mapenzi, na mtu aliyekuwa amelala miaka yote kati ya mngurumo wa kiwanda na upepo wa Hsinchu akiachwa peke yake katika kimya kile.

Dada Chiu alinyoosha mkono kwenye swichi. "Nizime, asishtuke?"

"Usizime," Pei-shan alisema. Kisha, kwa kuwa ilimtoka kama amri, akaongeza, "Tafadhali, dada. Nachukua hii."

"Inanguruma."

"Ndiyo. Na feni usiniwekee zile za bei ghali za kimya. Niwekee hizihizi."

Dada Chiu alimtazama yeye, akamtazama Mzee, akachukua tena kikombe chake. Wateja waliokuja aliwahudumia kwa kunong'ona.

Mzee alizinduka wakati Dada Chiu alipokuwa akifunga kasha.

"Sikulala," alisema.

"Hapana, mzee. Ila yule bwana wa kibanda cha pili alikuja kuniuliza feni yangu ina ubovu gani."

"Nilifumba macho. Kazini silali mimi."

"Nyumbani je, Baba?" Pei-shan aliuliza. Mzee alibeba kasha yeye mwenyewe hadi chini, akilikumbatia.

Alasiri iliyofuata mvua ilikuwa imekatika. Kompyuta mpya ilinguruma sebuleni, pakiti ya kijani juu yake, na nyuma ya ukuta wa mbao Mzee Yeh alikoroma kwa kupokezana nayo. Kwenye skrini tone la mwisho la ziwa likakaa mahali pake. Kazi ilikuwa imekwisha. Feni zikaanza kushuka, na upande wa pili wa ukuta mkoromo ukasitasita, kitanda kikalia.

Pei-shan akafungua upesi picha nyingine, ziwa lilelile likiwa tupu, bila mji wala watu, ambalo hakulihitaji kwa lolote, akaiambia mashine ilichore tangu mwanzo.