Jina la Programu Iliyokwisha Kufa

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu; Bosibori alisikia, na guu likavunjika vilevile.

Mkuu mwenyewe alikuwa Machogu, mdogo wa babake, aliyemfundisha kuandika programu alipokuwa bado msichana wa shule kule Nyamache. Machogu alikuwa ametuma badiliko katika kiini cha mfumo wa kompyuta, sehemu inayoandika kila tukio linalopita humo ndani. Badiliko la namna hiyo halipokelewi mpaka mkaguzi alisome na kuliwekea jina lake. Machogu akampigia simu Bosibori, aliyekuwa mmoja wa wakaguzi: "Mwanangu, liangalie, kisha weka jina."

Aliliangalia. Kosa likamkodolea macho. Badala ya kunakili jina la programu iliyoleta tukio, Machogu alinakili mahali jina lilipokaa tu. Programu ikifa, mahali pale hupewa nyingine. Anayekuja kusoma baadaye hukuta jina la mgeni, au hakuti kitu na mashine inazimika. Ni kama kumtaja mtu kwa chumba alicholala gesti, na yeye alishaondoka asubuhi.

Lakini maoni ya wakaguzi husomwa na dunia nzima, na Mgusii hamwaibishi baba mbele za watu. Hiyo ndiyo chinsoni, haya aliyoinyonya pamoja na maziwa. Akaweka jina.

Jumatatu, Kartik, mkaguzi mwenzake wa Nairobi, akalijaribu badiliko lile. Mashine yake ikazimika. Akaandika kwenye jukwaa la wakaguzi mtandaoni: "Bosibori, ulilisoma kweli?"

Uso ukamwaka moto. Akisema hapana, ni mzembe. Akisema ndiyo, ni mjinga. Ukweli ulikuwa mbaya kuliko yote mawili, naye akauandika: "Nililisoma. Niliona kosa nikanyamaza, kwa kuwa mwandishi ni baba yangu mdogo. Ondoeni jina langu. Msilipokee."

Kufikia saa ya chakula Machogu alikuwa ametoka Nyamache, amepanda ngazi za duka la vitambaa la Meena mjini Kisii, ghorofani alikopanga Bosibori, yuko mlangoni kwake anahema.

"Umenivua nguo sokoni, Bosibori!"

"Tata, keti kwanza," alisema, akimwita baba kwa Kigusii.

"Niketi wapi? Ungenipigia tu simu, nikalirekebisha kimyakimya. Siku ile mdomo ulikuwa wapi? Uliupeleka posho mill?"

Hapo alimchoma penyewe. Simu moja ingewasitiri wote wawili. Aliogopa kumkosoa wakiwa wawili, akaja kumkosoa wakiwa maelfu.

"Hilo ni kweli, Tata. Naona aibu hata kukutazama."

"Basi andika uombe msamaha. Sema ulikosea, badiliko halina neno."

"Lina neno."

"Ati?"

"Litazima mashine za watu."

"Andika, mwanangu." Sauti yake ilishuka, na huko kushuka kukamuumiza zaidi ya makelele. "Wale vijana ninaowafundisha watanionaje?"

Machozi yalimlenga Bosibori. Macho yake hayakubanduka sakafuni.

"Siandiki, Tata. Na msamaha siombi."